Tuendelee Kumlipia Karo Mwanahabari Wetu?

(Maneno haya yalisemwa kwa niaba ya ofisi yetu ya maendeleo katika mkutano wa pamoja wa vikundi vya kujisaidia vya kijiji cha Raila, Kibera, na wageni wao kutoka Kawangware.)

Wenzetu wa Kawangware, karibuni Raila. Tunajua kupanda matatu mbili na halafu kutembea kwenye matope yetu si mchezo, na tunaona aibu kwamba mmefika mapema kuliko sisi majirani.

Mwenyekiti ametuomba tuseme machache kabla ya kura. Kura yenyewe mnaijua. Kikundi cha akina mama 22 wa hapa Raila kimekuwa kikimlipia karo binti mmoja wa kijiji hiki anayesomea diploma ya uanahabari. Amebakisha mihula miwili. Sasa, baada ya mambo ya usiku ule, wengine wenu mnasema pesa zibaki kwenye sanduku la chama na binti ajitafutie. Sisi wa ofisi hatuna kura. Lakini ni ninyi mliotuita kusuluhisha, kwa hivyo tutaeleza tuliyoyaona, na mahali tunaposimama tutasema pia, msije mkasema tulifichaficha.

Hebu kwanza turudie habari yenyewe, maana wageni hawajaisikia, na sisi wenyeji tumekwisha kuiongeza chumvi.

Ilikuwa Alhamisi jioni mwaka jana, mvua ikinyesha kidogo kidogo. Binti alipata ujumbe kwenye simu: kesho alfajiri matingatinga yanaingia Raila, toeni vitu, tuma kwa kila mtu. Ujumbe ulitoka kwa mwanafunzi mwenzake, naye alikuwa ametumiwa na binamu yake, na huyo binamu mpaka leo hatujui aliutoa wapi. Binti ana ukurasa wake wa habari za kijiji, ule mnaofungua asubuhi kuona kama stima imerudi na maji yanauzwa wapi. Akauweka ujumbe pale saa tatu usiku, na juu yake akaweka picha ya tingatinga likibomoa nyumba. Picha ile ni ya kweli, lakini ni ya mwaka wa 2018, tena si ya Raila.

Wageni wetu, mfahamu kwa nini watu hawakuuliza mara mbili. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kweli, asubuhi na mapema, kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Kule Mashimoni na Lindi watu walitazama nyumba zikilala chini, na shule nazo hazikuachwa. Iliripotiwa wakati ule kwamba watu wapatao 30,000 walipoteza makao. Mtu aliyeona hayo, ukimwambia tingatinga linakuja, haulizi ni nani amesema. Anabeba godoro.

Basi kufika saa sita usiku njia zilikuwa zimejaa mikokoteni. Mama mmoja anayeuza githeri aling'oa mabati 14 ya kibanda chake, akayauza kwa nusu ya bei kwa mtu asiyemjua, ambaye alikuwa amekuja na mkokoteni wake tayari. (Jambo hilo linatuuma hata leo. Mtu husikia wenzake wanalia, naye anatafuta mkokoteni.) Mzee mmoja alilala nje akilinda vitu vyake, kifua kikamshika wiki mbili. Asubuhi tukangoja. Saa kumi na mbili, saa moja, saa mbili. Hakuna kitu. Watoto walikwenda shule bila chai kwa sababu jiko lilikuwa chini kabisa ya mkokoteni.

Hasira yenu ilikuwa ya haki, hatuna la kupinga hapo. Lakini hebu tuulizane kidogo. Katika chumba hiki, nani hakuutuma ule ujumbe? Mkono tunauona mmoja, wa mama asiye na simu. Sisi wenyewe wa ofisi, tunaojiita watu wa elimu, mmoja wetu aliutuma kwa vikundi vinne kabla ya kuvaa viatu. Kwa hivyo tukimhukumu binti, tusiseme kana kwamba sisi tulikuwa tumelala.

Tofauti ni moja, na ni kubwa: yeye anasomea kazi hiyo. Fundi wa mbao akikosa kipimo, hatumwambii ati hata sisi tungekosa.

Binti alifuta ujumbe, akajifungia nyumbani kwa mama yake siku nzima. Siku ya pili akaja ofisini. Alilia, ndiyo, lakini hakuja kulia. Alikuja kuuliza aanzie wapi kutafuta ukweli wa jambo lile. Tulimwambia aanze na mtu aliyeona kitu kwa macho yake, amwache aliyesikia.

Akatembea siku tatu. Na mnajua alichokipata, ingawa wengi wenu mlikuwa bado mmekasirika hamkutaka kumsikiliza. Kumbe kulikuwa na chanzo. Wiki ile watu wenye fulana za kung'aa walikuwa wamepita kando ya mtaro na kutia alama nyekundu kwenye vibanda tisa. Vibanda tisa tu, vilivyojengwa juu ya mtaro wenyewe. Akaenda kwa mzee wa kijiji, akaenda kwa chifu, akaenda ofisi moja mjini ambako alizungushwa dirisha hadi dirisha mpaka saa kumi, akaambiwa arudi kesho. Kesho yake akarudi na daftari lile lile. Akapata jibu: wenye vibanda tisa walikuwa na siku 30 za kuhama kabla ya mtaro kuzibuliwa. Hakuna nyumba nyingine iliyoguswa.

Aliporudi aliandika nini? Tumeutunza ukurasa ule. Aliandika alichoambiwa, na nani alimwambia, na siku gani. Akaandika jambo moja ambalo hakufaulu kulithibitisha, akasema hivyo wazi. Na chini kabisa: ujumbe wa Alhamisi ulikuwa wa uwongo, niliutuma mimi bila kuuliza, naomba radhi. Wale wenye vibanda tisa walikwenda pamoja, wakahamisha mali yao kwa utaratibu, na hakuna aliyepoteza hata bati moja.

Sasa tuwaeleze kidogo juu ya kazi anayoiendea, kwa sababu baadhi yenu mlipokubali kumlipia karo mlikuwa mnafikiria yule mtu wa runinga mwenye koti, anayesoma habari saa moja usiku. Kazi hiyo bado ipo, lakini milango yake imekuwa myembamba sana.

Wenye umri wetu mnakumbuka. Zamani habari za Kibera ziliandikwa na wageni. Mpiga picha alikuja kukiwa na moto au vita, akasimama kwenye reli, akapiga picha ya mabati na treni, akaondoka. Na idadi zao! Miaka mingi walisema Kibera ina watu milioni moja, mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote Afrika, na kila aliyekuja alinakili kwa mwenzake. Sensa ya mwaka wa 2009 ilihesabu watu 170,070. Mnaweza kubishana na sensa, na wengi wamebishana nayo. Lakini kutoka milioni hadi laki na kidogo si kosa la mtu kuruka nyumba mbili. Ni kwamba watu waliandika bila kuja kuhesabu.

Halafu mambo yakabadilika. Mwaka wa 2007 Pamoja FM ilianza hapa hapa Kibera, na wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi ilikuwa ikiwasihi watu wa mtaa kwa sauti wanazozijua. Kumbukeni tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu walibaki na uvumi. Januari 2008 Wakenya wachache wenye ujuzi wa kompyuta wakatengeneza programu wakaiita Ushahidi, ambayo mtu wa kawaida angeweza kutuma habari ya aliyoyaona pale alipo, ikawekwa kwenye ramani. Leo programu hiyo imetumika nchi nyingi duniani. Mwaka wa 2009 vijana 13 wa Kibera walizunguka na vifaa vya kupima wakachora ramani ya vijiji vyetu, kazi inayoitwa Map Kibera, kwa maana kabla ya hapo kwenye ramani za watu tulikuwa doa tupu. Na mwaka wa 2010 vijana wa hapa wakaanza Kibera News Network, wakipiga video kwa kamera ndogo za mkononi. Hao wote hawakungoja gari la runinga lije.

Hata mabwana wakubwa wa habari wameyaona mabadiliko. Januari 2018 serikali ilipozima Citizen, NTV na KTN kwa sababu ya kiapo cha Uhuru Park, watu walifuata matangazo kwenye simu. Simu ikawa runinga. Jambo zuri, si ndiyo? Lakini matangazo ya biashara nayo yakaifuata simu, na magazeti makubwa ya Nairobi yamepunguza wafanyakazi zaidi ya mara moja. Kazi iliyokuwa ya watu wanne, yaani mwandishi, mpiga picha, mhariri na dereva, sasa hupewa kijana mmoja mwenye simu na nauli.

Tulimuuliza binti chuoni wanamfundisha nini. Akasema kuna kamera mbili kwa wanafunzi 40, na kwamba muhula mzima alijifunza mtambo ambao hakuna kituo kinachoutumia tena. Chuo hatutakitaja. Kuhariri video kwa simu alifundishwa na kijana wa Kawangware, ambaye tunamwona pale nyuma anajificha, na ambaye anajilisha kwa kupiga picha za harusi. Tunasema hivi ili mjue karo yenu haitoshi peke yake. Shule ya pili ni mtaani, na walimu wake ni ninyi.

Tena kuna hii akili bandia. Mtu anaandika swali, mashine inamwandikia makala. Siku moja ofisini tulimwambia binti ajaribu mbele yetu. Akaiambia iandike habari ya shida ya maji katika Raila. Ikaandika haraka, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu, makala ndefu juu ya marehemu Raila Odinga, siasa zake na miradi ya maji! Tulicheka mpaka karani akaja kuuliza kuna nini. Mashine haijui kwamba Raila ni kijiji chenye jina la mtu, na kwamba ndani yake kuna mama anayeamka saa kumi kupanga mitungi kwenye foleni. Ilijaza nafasi kwa ilichokuwa nacho. Na hapo ndipo tunapoogopa, kwa sababu mtu wa mbali angesoma makala ile na kuridhika kabisa. Lakini hatusemi vijana wasiitumie. Binti huitumia kumgeuzia barua za Kiingereza cha ofisi ziwe Kiswahili rahisi, halafu anasoma barua yenyewe mstari kwa mstari. Hiyo ni sawa.

Tumemtaja marehemu, basi tuseme hili. Mwaka wa 2025, kabla hajafariki, simu zetu zilijaa tetesi juu ya afya yake. Watu wa karibu naye wakakanusha. Kisha tarehe 15 Oktoba habari ya kweli ikafika kutoka India, na hapa kijijini wako waliokataa katakata, wakisema ni yale yale. Mzee mmoja aliamini saa saba mchana, redio ilipokuwa imekwisha kurudia mara nyingi. Ona hasara hiyo. Mtu amedanganywa sana mpaka msiba wa kweli unapita mlangoni anaufukuza.

Wenzetu wa Kawangware mna kidonda chenu. Mwezi wa Oktoba 2017, siku zile za uchaguzi wa marudio, mnakumbuka usiku wa tarehe 27, vibanda na nyumba vikichomwa na majirani wa miaka mingi wakigeukana. Mama mmoja wenu alitusimulia kwamba usiku ule simu yake haikunyamaza, kila ujumbe ukisema kabila fulani linakuja kutoka upande fulani. Alikimbia na watoto kuelekea upande ule ule uliokuwa na hatari kuliko alikotoka. Kwa hivyo tukisema habari ya uwongo ni mabati 14, tunasema kwa bei nafuu.

Sasa fikirieni. Mkiacha kumlipia karo, simu haitazimika. Ukurasa wa kijiji utabaki, au utafunguliwa mwingine na mtu ambaye hatumjui mama yake. Ujumbe wa tingatinga utakuja tena, maana matingatinga yenyewe hayajaisha Nairobi. Usiku huo mtamuuliza nani? Sisi tungependa awepo mtu mmoja kijijini ambaye amekwisha kuumia kwa kosa hilo, na anayejua dirisha la kuanzia.

Hapo ndipo tunaposimama. Tunaona mihula miwili ilipwe.

Lakini si bure, na si kwa upofu. Kwanza kuna deni la mabati. Binti amekuwa akilipa kidogo kidogo kutokana na picha za harusi na mahafali, na mpaka juzi amelipia mabati matano. Aendelee, tena aandikiwe kwenye daftari la chama kama mkopo mwingine wowote. Pili, asiweke habari ya kubomoa, ya vita, ya mtoto aliyepotea au ya ugonjwa kabla hajaongea na watu wawili wasiotegemeana, na mmoja awe ameona. Hata ikiwa atachelewa na ukurasa mwingine ukamtangulia. Anasema chuoni wanamfundisha kuwa wa kwanza. Hapa Raila tunamwomba awe wa pili, hatutamcheka.

Na kuna jambo la bahasha. Mnalijua. Mwanasiasa anaita mkutano, wanahabari wanapewa nauli kwenye bahasha, na habari inatoka imenyooka kama shati la pasi. Kijana asiye na mshahara ataishika bahasha, tusijidanganye. Na mara nyingine bahasha inatoka kwetu: kikundi kinataka sifa mbele ya mfadhili, kinamwambia kijana apige picha ya choo kabla hakijavunjika mlango. Tumefanya hivyo, tena choo chenyewe kiko karibu na hapa. Kwa hivyo akija kuuliza hesabu za mradi, hata kama mradi ni wetu, apewe daftari. Tukimlipia karo ili atusifu, hapo tumenunua kipaza sauti tu.

Kuhusu picha, akina mama wengi mmelalamika, na mna haki. Watoto wa Kibera wamepigwa picha na nusu ya dunia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka ruhusa ya mzazi kwa habari za mtoto, na picha yake imo. Binti wetu aombe, na wageni wenye kamera kubwa waombe pia. Mkikataa msione haya. Tena mtu akiandikwa vibaya na chombo cha habari, liko Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya ambalo hupokea malalamiko. Ofisi yetu itasaidia kuandika barua.

Tunaomba na ninyi mfanye kitu kimoja, ambacho si cha pesa. Kila kikundi kitoe jina la mtu mmoja ambaye mwanahabari anaweza kumpigia simu hata saa sita usiku, akamwambia: mama, toka nje utazame, kuna nini? Mtu wa kila upande, wa karibu na reli, wa karibu na mtaro, wa karibu na barabara. Usiku ule wa Alhamisi kama angekuwa na majina matano ya namna hiyo, tunaamini githeri ingeuzwa asubuhi kama kawaida. Kawangware nanyi fanyeni hivyo na vijana wenu wa redio. Yule aliyejificha pale nyuma amekubali kukusanya majina.

Mama mwenye mabati ametuambia jinsi atakavyopiga kura, lakini ametukataza kabisa kusema.

Karatasi ya majina iko kwa karani pale mlangoni, Raila upande wa kushoto, Kawangware wa kulia. Binti atoke nje kidogo wakati wa kura, amekubali. Na tunaomba, mwenyekiti, kura zihesabiwe na wageni wetu, kwa sababu wao hawamdai mtu hapa wala hawadaiwi.